Msingi ulionimalizia fedha, na daftari lililonimalizia nyumba

Mwaka 2018 nilipata kiwanja Bigwa, Morogoro, upande ambao milima ya Uluguru inakuwa kama imekuinamia. Mita 20 kwa 25, chenye mteremko kidogo. Hilo neno "kidogo" ndilo lililokula akiba yangu ya miaka minne.

Fundi niliyempata alisimama katikati ya kiwanja, akaitazama ramani kwenye simu yangu, akatembea mpaka kwenye kona ya chini na kurudi. "Mwalimu, msingi mpaka jamvi, ile sakafu ya zege, andaa milioni sita. Hapo kila kitu kimo." Sikumuuliza hiyo sita imetoka wapi. Alikuwa amejenga nyumba tatu mtaa wa pili na zote zilikuwa zimesimama vizuri, nikaona inatosha.

Milioni sita iliisha kuta za msingi zikiwa zimepanda, lakini ndani hakuna kifusi cha kujazia na jamvi halijamwagwa. Masika ya 2019 yalinikuta hivyo hivyo. Maji yalishuka kutoka juu, yakajaa ndani ya msingi, yakachimba kona ya chini mpaka zege likaanza kuonekana. Kila Jumamosi nilikuwa napita pale, natazama, naondoka.

Sikumshitaki fundi kwa mtu yeyote na sijawahi kuamini kwamba alinidanganya. Zile nyumba zake tatu ziko kwenye tambarare. Alinipa bei ya nyumba aliyoizoea, na mimi nilimpa kiwanja kingine.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja jirani, mkadiriaji majenzi mstaafu. Siku moja nimesimama pale akapita na fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Huu msingi umekaa sana. Makadirio yake unayo?"

Nikamwambia nilipewa jumla tu, milioni sita. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni bei. Makadirio ni hesabu ya vitu. Nenda kanunue daftari la hesabu, lile la miraba, uje nyumbani."

Kitu cha kwanza alichonifundisha ndicho nilichokishika mpaka leo: idadi na bei ni mambo mawili, na yasichanganywe. Tulichora safu tano: kazi, kipimo, idadi, bei ya kimoja, jumla. Kisha akanikataza kuandika bei yoyote mpaka safu ya idadi ijae kwa nyumba nzima, toka msingi hadi kofia ya bati. Bei inabadilika kila wiki, alisema, lakini ukuta wa mita 11 utabaki mita 11.

Tulianza na ule mteremko, ili nijue fedha yangu ilikwenda wapi. Alileta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, tukaujaza maji, mimi nikashika ncha moja kona ya juu na kijana wake nyingine kona ya chini. Maji yalipotulia pande zote mbili tukapima kwa futi kamba kutoka kwenye maji hadi ardhini. Tofauti ilikuwa mita 1 na sentimita 20. Kwa macho ningesema nusu mita.

Matofali ya msingi wangu ni ya inchi 6, yamelazwa. Tofali lililolazwa pamoja na udongo wake wa saruji hupanda kama sentimita 17. Kwa hiyo mita 1.2 ni kozi saba, yaani mistari saba ya matofali. Upande wa juu ulihitaji kozi nne, upande wa chini kumi na moja, na kuta za pembeni zinashuka taratibu katikati ya hapo. Wastani ni kozi saba na nusu, si nne. Kuta zangu zote, za nje na za ndani, zikinyooshwa ni mita 66, na kozi moja inakula matofali 142 hivi. Kozi tatu na nusu za ziada ni karibu matofali 500. Kwa shilingi 1,200 niliyonunulia kila moja, hiyo ni laki sita ambayo haikuwa kichwani mwa mtu yeyote. Na kifusi ndiyo balaa lenyewe: sakafu ya mita za mraba 90 ikiongezeka kina cha sentimita 60 inataka zaidi ya mita za ujazo 50, tena ikishindiliwa inanywea na kudai nyingine. Lori lililokuwa linaniletea lilibeba kama tano. Hesabu safari mwenyewe.

Niliumia kuona hesabu yenyewe inafanyika kwa jioni moja, kwa mpira wa maji na penseli.

Baada ya hapo nilihesabu nyumba nzima mwenyewe, jioni baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, kwa wiki tatu. Mzee alikuwa anapitia Jumapili. Kwenye kuta za juu alinitaka nisikariri namba ya mtu, nipime tofali. Langu lilikuwa sentimita 45 kwa 23. Ukiongeza sentimita moja na nusu ya udongo kwenye urefu na kwenye kimo, mita moja ya mraba inakula matofali tisa kasoro. "Andika kumi," akasema. "La kumi ni la kuvunjika na vipande vya pembeni." Mita 66 kwa kimo cha mita 2.7 ni mita za mraba 178. Ukitoa milango saba na madirisha manane inabaki 147. Matofali 1,470. Mara ya kwanza nilisahau kutoa madirisha, na ningenunua matofali 300 ya kujengea hewa.

Nondo za mkanda wa juu, ile zege inayozunguka juu ya kuta zote, nilizikosea pia. Mita 66 mara nondo nne ni mita 264, nikagawa kwa 12 nikapata 22, nikafurahi. Mzee akauliza: "Zinaungana vipi?" Nondo ya milimita 12 inapoishia lazima ilaliane na nyingine kama sentimita 60, kwa hiyo ile ya mita 12 inakusaidia mita 11.4 tu. Zikawa 24. Akaongeza kwamba nondo halisi ya milimita 12 yenye urefu huo ina uzito wa kilo 10 na nusu na zaidi kidogo, nikipelekewa nyepesi niirudishe. Nilikwenda dukani na mizani ya kupimia magunia, na duka la kwanza nililiacha.

Paa ndilo linalowaangusha wengi ninaowajua. Nyumba yangu ni mita 11 kwa 9, yaani 99 za mraba, na ni rahisi kununua mabati ya 99. Ila paa linatoka nje ya ukuta sentimita 60 kila upande, linafika 124. Halafu limelala kwa mwinuko wa nyuzi 30, na mwinuko huo unaongeza asilimia 15. Tayari ni mita 144, bado hujahesabu mabati kulaliana wala yale yanayokatwa kwenye kona za paa.

Safu ya bei niliijaza kwa penseli, kutoka maduka matatu, na tarehe pembeni. Nilikuja kushukuru mwishoni mwa 2020, saruji ilipopanda ghafla nchini mpaka serikali ikaingilia kati. Mfuko niliouandika 13,500 niliukuta 17,000. Nilikuwa bado nadaiwa mifuko 140 na daftari. Nikafuta, nikaandika upya, nikajua papo hapo kwamba pengo ni laki nne na tisini elfu. Niliahirisha lipu kwa miezi miwili, nikaelekeza fedha kwenye mbao za kenchi, yaani fremu ya paa, ambazo bei yake ilikuwa imetulia. Mwaka mmoja kabla ningeendelea tu kununua mpaka mfuko utoboke.

Fundi nilimrudia yule yule. Alifungua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa amechuchumaa kwenye tofali.

"Mwalimu, nani kakupigia hii hesabu?"

"Nimepiga mwenyewe. Nionyeshe nilipokosea, fundi."

Akanyamaza muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye ramani. Baraza la mbele. Sikuwa nimelihesabu kabisa, wala mzee hakuliona. Matofali mengine, zege lingine, nguzo mbili. Kwa hilo namheshimu sana. Tukakubaliana malipo yake kwa hatua: kozi za madirisha, mkanda, kenchi.

Yaliyonishinda ni yale yasiyokuwa kwenye ramani. Maji ya boza wakati wa kiangazi. Mirunda ya kusimamia mafundi, ambayo niliikodi kwa wiki mbili ikakaa tano. Mlinzi. Kokoto zilizoshushwa barabarani kwa sababu lori halikuweza kupanda matope, zikabebwa kwa toroli na vijana wanne siku mbili. Mzee alikuwa amenilazimisha kuweka asilimia 10 ya dharura juu ya jumla, nami nilibishana naye kwa kuona ni fedha ya kulala bure. Ilikwisha yote, na haikuzidi.

Siku fundi alipofunga kozi ya mwisho, matofali yaliyobaki uani yalikuwa 38. Nilimwita mzee aje ayaone. Aliyahesabu kwa ncha ya fimbo, taratibu, akaniuliza shimo la maji taka nitalijengea nini.