Moto au gesi? Tazama shingo ya puto

Jumapili, jioni.

Picha za kupamba ukuta zinazouzwa kwa jina la waasisi wa puto la hewa moto, nyingi hazina hewa moto hata kidogo. Ni puto za gesi. Hilo linanikera kuliko bei yake.

Tazama chini ya puto. Ukiona roshani imezunguka shingo, na watu wawili wamesimama wakikabiliana, hilo ni la ndugu Montgolfier, waasisi wenyewe. Pilâtre de Rozier na d'Arlandes waliruka nalo Paris tarehe 21 Novemba 1783, kwa dakika 25 hivi, wakiulisha moto nyasi kavu. Walikaa pande mbili ili puto lisiinamie upande mmoja. Lakini ukiona wavu umefunika nusu ya juu na kikapu kama mtumbwi kinaning'inia, hilo ni puto la gesi, la haidrojeni, la Jacques Charles, 1 Desemba mwaka huohuo. Rozier alipochanganya moto na haidrojeni, mwaka 1785, alikufa.

Puto lile la Novemba lilitengenezwa katika karakana ya Réveillon, mwenye kiwanda cha karatasi za ukutani: buluu, nakshi za dhahabu, alama za nyota, nyuso za jua. Kulitundika ukutani ni kulirudisha kwao.

Michoro ya wakati ule ilichapwa kwa bamba la shaba, rangi ikapakwa kwa mkono, ndiyo maana buluu haifanani nakala kwa nakala. Chini ya lenzi ya kukuza mara 10, chapa ya shaba ina mistari iliyochongwa, na ukingo wa bamba umeacha mbonyeo kwenye karatasi. Ukiona vitone vya rangi vilivyojipanga sawasawa, ni nakala ya kisasa. Si dhambi, ila usiilipie bei ya kale.

Kuchapisha A3 kunataka faili ya pikseli 3508 kwa 4961. Ikipungua sana, mistari ya kivuli huungana ikawa ukungu. Wala usifute umanjano wote wa karatasi kwa kompyuta, moshi mwembamba utaondoka nao.

Kwenye fremu, ishikize juu tu, sehemu mbili. Karatasi hutanuka kwa unyevu. Ukiibana pande nne itafanya mawimbi. Selotepu huacha doa lisilotoka. Kati ya picha na kioo weka paspatuu (kadibodi iliyokatwa dirisha, ya kuizunguka picha) isiyo na asidi, unene wa mm 2, la sivyo unyevu utaigandisha kiooni. Wengi hutundika katikati ya picha iwe sm 150 kutoka sakafuni. Puto mimi huliongezea sm 10, litazamwe kwa kuinua macho.