Kitanzi kimoja, vimo vitatu: gololi imekubali

Imezunguka. Leo Jumamosi saa kumi na moja kasorobo jioni, barazani kwangu hapa Manyatta, Kisumu, gololi imeshuka reli ya waya, ikapanda kitanzi, ikapita kileleni kichwa chini na kutokea upande wa pili bila kuanguka. Watoto kumi na mmoja wakapiga kelele hadi jirani anayeuza omena akaja kuuliza nani amefunga bao. Kipande cha waya kimeniaibisha Jumamosi nne mfululizo, kwa hiyo naandika haya kabla sijanawa grisi.

Somo letu ni rola kosta, yale mabehewa ya burudani yanayoshuka mlima na kupita kwenye vitanzi. Kuchora reli kwenye NoLimits 2, programu ya kompyuta ya kuzibuni, sitakueleza hatua kwa hatua, hakukuwa na shida. Shida ilizaliwa hapo lakini haikukaa hapo. Nilichora kitanzi cha duara kamili, nusu kipenyo mita 10, behewa moja tu, nikawapa watoto kanuni ambayo kila mtu anaijua: ili usidondoke kileleni, anzia kimo cha mara 2.5 ya nusu kipenyo. Mlima wa mita 25. Behewa likapita, nikajiona nimemaliza somo.

Kuna msichana wa gredi ya nane ambaye hushika mausi bila kuomba. Akaanza kuushusha mlima. Mita 24, linapita. Mita 23, linapita. Kwenye mita 22 na ushee behewa lilifika juu likijikokota, likaning'inia kama popo, kisha likateremka salama.

"Mwalimu, kanuni yako inadanganya."

Nikatazama kipimo cha g, yaani unabanwa kwenye kiti kwa mara ngapi ya uzito wako; hasi ni kuvutwa utoke kitini. Pale juu kilisoma karibu hasi 0.6, na jibu lilikuwa hapo. Behewa la rola kosta limeikumbatia reli: lina magurudumu ya juu, ya ubavuni na ya chini. Likikosa kasi ya kubanwa kwenye reli kwa mwendo wake, magurudumu ya chini yanalishika. Linachohitaji ni nishati ya kufika kileleni na chenji kidogo, yaani kimo kinachozidi kipenyo cha kitanzi. Ile 2.5 ni ya kitu ambacho hakijashikwa na chochote. Ukizungusha ndoo ya maji polepole, maji yatakumwagikia kichwani, lakini mkono wako hautadondoka. Umeungana na bega. Wakaelewa upesi kuliko nilivyotarajia, wakasema sawa, tuonyeshe kisichoshikwa.

Hapo ndipo nilipojitafutia balaa.

Nilinunua waya wa fensi, nikaukunja reli mbili sambamba, na fundi wa jua kali pale Kibuye akanichomelea vipande vya kuzishikanisha. Nusu kipenyo sentimita 15, nimepima hadi katikati ya gololi. Na sikuwa mjinga. Nilijua gololi huviringika, kwamba sehemu ya nishati inaliwa na kule kuzunguka, na kwamba mpira usio na uwazi ndani unadai mara 2.7, si 2.5. Hiyo ni sentimita 40.5. Nikajenga mnara wa mbao wa sentimita 42 na kuupigilia misumari. Misumari ndiyo iliyoniponza, maana mtu akishapigilia misumari huanza kuitetea namba yake.

Kwenye 42 gololi ilianguka kabla tu ya kilele. Kila mara. Nilipiga msasa viungo. Nilipaka mafuta. Nilibadilisha gololi ya kioo nikaweka ya chuma ya beringi, ukubwa uleule, ingawa nimewafundisha hawa hawa watoto kwamba uzito unajifuta pande zote za mlinganyo. Uzito ulijifuta. Gololi ya chuma ilianguka mahali palepale, ila kwa kishindo zaidi.

Tulipoinua mnara kwa vitabu, ilianza kupita kwenye 50. Mtu mwenye akili angekubali na kwenda nyumbani. Mimi nilishindwa kulala. Karibu sentimita kumi zimepotea, na kila niliyemwambia alijibu "msuguano". Msuguano umefanywa pepo wa fizikia: kila kisichoeleweka anatupiwa yeye.

Jumamosi ya tatu yule msichana alikuja na rangi ya kucha ya dada yake. Akapaka gololi nusu, tukaiachia kwenye kipande kilichonyooka cha reli, nusu mita, na kuichukua video ya mwendo wa polepole kwa simu. Gololi yetu ina kipenyo cha milimita 16, basi mzingo wake ni kama milimita 50. Katika nusu mita inapaswa kuzunguka mara kumi. Akahesabu kumi na tano.

Nikamwambia amekosea. Akahesabu tena akigusa kioo cha simu kwa kidole kila nyekundu ilipotokea. Kumi na tano. Tukaiviringisha mezani, umbali uleule: kumi.

Nikainama, nikafumba jicho moja na kuitazama gololi kwa mbele. Ilikuwa imezama kati ya waya mbili. Nafasi kati ya mahali inapogusa ni milimita 12, kwa hiyo haikuwa imekalia tumbo lake, ilikuwa imekalia mbavu. Duara linaloviringika juu ya waya halina nusu kipenyo cha 8, lina kama 5.3. Kila mzunguko unaisogeza kidogo, basi kwa kasi ileile inabidi izunguke zaidi, na nishati ya kuzunguka inazidi mara mbili ya ile niliyoihesabu. Nikachukua chaki nikarudia hesabu sakafuni: karibu mara 2.96. Sentimita 44 na ushee. Mnara wangu wa 42 usingefaulu hata kama msuguano ungehama Kaunti ya Kisumu.

Nilirudi kwa fundi. Alinitazama kwa huruma, akabana reli hadi milimita 6. Hesabu mpya: mara 2.73, sentimita 41. Leo ilipita kwenye 45, mara tisa kati ya kumi. Sentimita nne zilizobaki namwachia yule pepo, pamoja na kitanzi chenyewe, ambacho hutikisika gololi ikipita. Ukikigusa kwa kidole unasikia kinavyoiba nishati. Nne nazikubali. Kumi sikuzikubali.

Kuhusu programu, kwa kuwa mtu ataniuliza: NoLimits 2 naipenda kwa sababu inakuachia reli uikunje utakavyo na kukuonyesha kasi na g papo hapo, ila feni ya laptopu yangu inalia kama kisiagi. Planet Coaster ni mapambo mengi, watoto waliishia kupanda miti. RollerCoaster Tycoon ya 1999, ambayo Chris Sawyer aliiandika karibu yote kwa lugha ya asembli, haisumbui hata mashine kuukuu, lakini vipande vya reli vimeshatengenezwa, duara lako huchagui. Algodoo ni ya bure na ndiyo ningepaswa kuanza nayo kwa gololi, ila ulimwengu wake ni bapa kama mchoro wa karatasini: mpira wake ni sahani, na sahani inadai 2.75. Ukisahau hilo utapigana na namba usiku kucha. Najua mtu aliyepigana nazo.

Mpango ulikuwa sasa twende kwenye kitanzi cha umbo la chozi. Kwenye duara kamili, kitu kinachoteleza bila kuviringika na kupita kileleni kwa kubahatisha, kikiwa chini kabisa ya kitanzi hubanwa kwa mara sita ya uzito wake, kitanzi kiwe kikubwa au kidogo. Rola kosta ya Flip Flap ya Coney Island, New York, mwaka 1895, ilikuwa na kitanzi cha duara, na abiria waliumia shingo. Werner Stengel, mhandisi Mjerumani, ndiye aliyekipa kitanzi umbo la chozi kwenye rola kosta ya Revolution kule California, 1976: kipana chini, chembamba juu. Nimekichora nusu.

Nusu, kwa sababu kijana mmoja anayetoka Kiboswa aliuliza kama g ya hasi ndiyo ile inayomrusha kwenye kiti cha nyuma cha matatu ikiruka tuta. Sikuweza kuendelea na chozi baada ya hapo. Jana nimepakia phyphox, programu inayosoma vipimo vya mwendo vya simu, nikaifunga simu kwa selotepu kwenye fremu ya kiti cha nyuma kabisa, kutoka Kiboswa hadi Mamboleo. Tukiwa tumesimama ilisoma 9.8, yaani g moja kwa mita kwa sekunde mraba. Kwenye tuta moja ambalo dereva hakuliona ilishuka hadi 2.9, kisha ikaruka 17 tulipotua, na mama mmoja akashika kuku wake. Makanga alitaka kujua ni kitu gani nimebandika kwenye gari la watu. Nilipomwonyesha mchoro, alinionyesha tuta jingine huko mbele, akasema hilo ndilo baya zaidi, nisitoe selotepu bado.