Ile 13-10 ya Michigan bado iko rohoni

Naanza na Novemba 30, 2024, kwa sababu msimu ule wa Ohio State, timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, kwangu mimi unaanzia hapo, hata kama ilikuwa mechi yao ya 12. Wako Columbus, uwanjani kwao, watani wa jadi Michigan wamekuja wakiwa wameshafungwa mechi tano, hawana beki wao Will Johnson nyuma, hawana Colston Loveland mbele, kila mtu anasema leo ni kichapo tu. Ikaisha 13-10, Michigan wameshinda kwa fildi goli (teke la kupitisha mpira kati ya nguzo, pointi tatu) ya dakika ya mwisho. Nilibaki nimeshika kichwa.

Kama hufuatilii futiboli ya vyuo vya Marekani ni ngumu kuelewa hii mechi ina uzito gani, yaani kocha anaweza kushinda zote 11 afu akapoteza hii moja na watu wakataka afukuzwe kesho yake. Na kwa Ryan Day, kocha wa Ohio State, hiyo ilikuwa ya nne mfululizo kufungwa na Michigan: 2021, 2022, 2023, na sasa 2024.

Ila kilichoniumiza sio kufungwa, ni walivyofungwa. Michigan katikati wana Mason Graham na Kenneth Grant, majitu kabisa, hapo hupiti. Na Ohio State ukuta wao wa mbele ulishapata majeraha, Josh Simmons aliumia goti mechi ya Oregon mwezi Oktoba, halafu senta wao Seth McLaughlin akaumia mazoezini. Sasa wewe una ukuta mbovu, unakutana na wale wawili, unafanya nini? Wao wakaamua kukimbia na mpira palepale katikati, wanagonga ukuta, wanarudi, wanagonga tena, mwisho wa siku yadi 77 kwa mechi nzima! Na pembeni yuko Jeremiah Smith, dogo wa mwaka wa kwanza chuoni ambae hakuna beki anayemuweza, na Emeka Egbuka yupo, na beki bora wa Michigan hachezi. Smith aliondoka na yadi 35 tu siku ile. Mimi naita ule ukaidi, Day alitaka kuwaonyesha Michigan kwamba na sisi tuna misuli, wakati mechi ilikuwa inahitaji pasi.

Afu baada ya filimbi Michigan wakachomeka bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza ile dawa ya kuwasha macho. Siku mbaya sana aisee.

Kipigo cha kwanza cha msimu, kule Oregon 32-31, nilikisamehe siku ileile. Ilikuwa mechi ya wanaume, wamefungwa kwa pointi moja ugenini huku kotabeki wao Will Howard, yule mrusha pasi, anateleza chini na saa imeshaisha. Michigan ni kitu kingine.

Bahati yao ni kwamba mwaka ule ndo pleyofu, mtoano wa kutafuta bingwa, ilianza kuchukua timu 12. Ingekuwa ule utaratibu wa zamani wa timu nne, Ohio State walishika namba 6 kwenye orodha ya kamati, basi safari imeishia hapo na sidhani kama Day angebaki. Kuna watu walilalamika kwamba timu 12 ni nyingi, zinapunguza utamu wa msimu wa kawaida, na nawaelewa, lakini mimi nilishukuru.

Desemba 21 wakaikaribisha Tennessee, na robo ya kwanza tu ilikuwa 21-0. Nilisimama. Howard anarusha mpira mbali, Smith anaudaka, hakuna tena ile ya kugonga ukuta. Ikaisha 42-17. Januari 1 kwenye Rose Bowl wakakutana na Oregon walewale, hawajafungwa msimu mzima, na kabla hata ya mapumziko ubao unasoma 34-0. Thelathini na nne bila! Smith peke yake yadi 187. Ikaisha 41-21 na hapo ndo nikaanza kuamini.

Nusu fainali, Texas walikuwa wagumu. 21-14, wao wako yadi moja kutoka mstari wa mwisho, yaani tachidauni ya kusawazisha, moyo wangu uko mdomoni, wakajaribu kuzungukia pembeni wakarudishwa nyuma, halafu jaribio la nne, ndo la mwisho, Jack Sawyer wa Ohio State akamfikia kotabeki wao Quinn Ewers, akaupiga mpira ukamtoka, akauokota mwenyewe na kukimbia yadi 83 mpaka mwisho. Na hawa wawili waliwahi kukaa chumba kimoja chuoni, Ewers alipokuwa Ohio State 2021. Sawyer ni kijana wa hapohapo karibu na Columbus, na yeye pamoja na Egbuka, Tuimoloau na Henderson waliingia chuo mwaka huo wa 2021, wangeweza kwenda NFL, ligi ya kulipwa, mapema ila wakarudi kwa ajili ya kuifunga Michigan na kuchukua ubingwa. Ushindi dhidi ya Michigan hawakuupata. Mpaka wanaondoka hawajawahi kuifunga hata mara moja, na hiyo kwangu haifutiki hata kwa kombe.

Fainali ilikuwa Atlanta Januari 20 na Notre Dame. Howard alianza na pasi 13 zote zikafika, ikawa 31-7, nikajua imeisha, kumbe bado, Notre Dame wakarudi taratibu mpaka 31-23. Zimebaki dakika mbili na ushee, Ohio State wana mpira, jaribio la tatu kati ya manne, zinahitajika yadi 11 ili wabaki na mpira. Hapo makocha wengi wangekimbia na mpira katikati saa iendelee kutembea, halafu wapige teke kuwarudishia Notre Dame mpira na wamwombe Mungu. Nikasema moyoni tafadhali msikimbie, msikimbie, nilishaona Novemba inavyoisha.

Howard akarudi nyuma, akautupa juu pembeni ya kulia. Smith alikuwa na beki mmoja tu. Yadi 56.

Fildi goli ikafuata, 34-23, na mimi nikawa nalia.