Siku moja kwenye wodi ya upasuaji, Chake Chake

Saa 11 alfajiri nishasali, chai na boflo, natoka Machomanne kwa miguu.

Saa 1 na nusu napokea ripoti. Mwenzangu wa usiku ananambia babu wa kitanda cha dirishani, alofanyiwa ngiri jana, hataki hata shuka imguse, anadeka tu. Neno hilo silipendi kabisa kulisikia wodini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kwenye mshono najua nimekatwa, lakini huku pembeni mbona panawaka?"

Nikatazama kidonda, kisafi, hamna usaha wala joto. Nikapitisha pamba taratibu, na kweli, kiganja kizima kutoka kwenye nyuzi bado anashtuka.

Saa 4 baada ya raundi nikawaita wanafunzi wa unesi maana hili lazima walielewe. Kisu kikikata, neva zinapeleka taarifa mfululizo hadi kwenye ugwe wa mgongo, ile kamba iliyopita ndani ya mifupa ya mgongo, na pale zinamwaga glutameti, kemikali ya kupitisha taarifa kutoka seli moja hadi nyingine. Sasa kwenye seli za pale kuna milango inaitwa NMDA, kila mmoja umezibwa na magneziamu kama chupa na kizibo chake, taarifa zikizidi kizibo kinatoka, kalsiamu inaingia, seli inakuwa nyepesi kuamka kiasi kwamba hata mguso wa shuka inaupokea kama maumivu, na za jirani vilevile, ndo mana pasipokatwa panauma. Mtafiti wa maumivu, Clifford Woolf, alilionyesha hili kwa panya mwaka 1983, kwamba ugwe wenyewe unabadilika, si kidonda peke yake. Ketamini, dawa ya usingizi tunayoitumia tieta, chumba cha upasuaji, inaziba milango hiyohiyo. Kwa hiyo babu hadeki jamani, anayoyasema yanatokea kweli mwilini mwake!

Saa 6 babu kapata dozi yake, nikamfundisha akitaka kukohoa akumbatie mto tumboni.

Saa 7 kaletwa mama wa operesheni ya uzazi, miguu bado imelala kwa sindano ya mgongo. Hapa ndo wengi tunapokosea, tunamwona katulia tunamwacha, ganzi ikiisha taarifa zote zinaingia kwa pamoja. Nikampa dawa alizoandika dakta kabla vidole vya miguu havijaanza kucheza.

Saa 9 na nusu nakabidhi zamu. Babu kalala, shuka kajivutia mwenyewe mpaka kifuani. Nikamwandikia nesi wa jioni: kitanda cha dirishani dozi saa 12, usisubiri mpaka aombe.