Jumamosi nyuma ya meza ya vitabu, Lyon

Saa moja na nusu asubuhi. Natoka metro ya Cordeliers na chupa yangu ya chai. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, na siku za kawaida nauza vitabu dukani. Wikiendi hii duka letu lina meza ndani ya Palais de la Bourse, kwenye Quais du Polar, tamasha la riwaya za upelelezi lililoanza 2005. Kabla ya kuingia napita penye jiwe jekundu, rue de la République. Usiku wa tarehe 24 Juni 1894, Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alikuwa anatoka karamuni kwenye jengo hilihili, akachomwa kisu na Mwitaliano aitwaye Caserio. Akafa. Leo watu watapanga foleni hatua chache kutoka pale, kununua mauaji ya kubuni.

Saa mbili. Maboksi. Tunakata gundi, tunapanga. Boksi la mwandishi atakayetia sahihi saa tano lina kitabu chake cha pili peke yake; cha kwanza hakimo hata kimoja. Mwenzangu anavuta kigari mbio hadi dukani. Wasomaji wa riwaya zilizofasiriwa wamezoea shida ya namna hii: Arnaldur Indriðason wa Iceland alipofika Kifaransani, kilichotangulia kilikuwa kitabu cha tatu cha inspekta wake. Hadi leo mtu hunijia akidai kile "cha mwanzo kabisa" kana kwamba nimekificha chini ya meza.

Saa nne. Milango inafunguliwa na ukumbi unajaa, maana kuingia ni bure. Kazi yangu kubwa ni vikaratasi vya manjano: namwandikia msomaji jina lake, nakibandika kwenye ukurasa wa kutiwa sahihi, ili mwandishi mgeni asiyejua Kifaransa asihangaike kuuliza. "Geneviève" ndiyo mtego. Mwandishi mmoja wa kaskazini analinakili herufi moja moja, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza, halafu anasahau alama ya juu na kumtazama mkalimani wake kwa aibu. Bibi mwenyewe anacheka, anaichora kwa kalamu yake.

Saa sita na robo. Jamaa ananisikia nikiongea na simu.

"Dada, unatoka wapi?"

"Buyenzi."

"Mie wa Bukavu. Basi nipunguzie."

"Kaka yangu, hapa hata ukilia. Sheria ya bei ya vitabu ya 1981: punguzo mwisho asilimia 5, basi."

Anahesabu sarafu akinung'unika, kisha anauliza kama kwa Kiswahili hakuna vitabu vya namna hii. Namtajia Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Anaandika jina mkononi.

Saa saba na nusu. Dakika ishirini za mkate na jibini ukingoni mwa Saône. Ng'ambo ni mahakama ya zamani yenye nguzo 24. Juu, darini, Edmond Locard alianzisha maabara yake ya polisi mwaka 1910. Narudi mbio.

Saa nane. Hapa ndipo siku ilipopata utamu. Mwandishi kutoka Italia ana foleni inayofika mlangoni. Pembeni yake ameketi mfasiri wake, kalamu ina kifuniko bado. Jina lake limo kitabuni, ndani, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani.

Bibi mmoja anafika mbele, anampita mwandishi, anaweka kidole kwenye neno.

"Hili lilikuwa neno la nyanya yangu, mtaani Croix-Rousse, hapahapa Lyon. Huyu Mwitaliano kalijulia wapi?"

Mwandishi anacheka na kumwonyesha jirani yake.

Kumbe mfasiri amefuata njia ya Dominique Vittoz. Vittoz alipofasiri Andrea Camilleri, ambaye Kiitaliano chake kimechanganyika na Kisisilia, alichota maneno ya watu wa Lyon. Serge Quadruppani, mfasiri mwingine wa Camilleri, alielekea Kifaransa cha kusini. Wako wasomaji wasiotaka kusikia habari hiyo. Wanasema mvuvi wa Sisilia hawezi kuongea kama fundi hariri wa Lyon. Mimi nawauliza: mlitaka aongee kama mtangazaji wa redio? Ningekuwa mimi, wale wavuvi ningewapa maneno ya Buyenzi, na Mombasa wangelalamika wanavyotaka.

Bibi yule na mfasiri wanaongea robo saa. Foleni inaguna. Mwishowe mfasiri anavua kifuniko, anatia sahihi chini ya jina lake dogo. Baada ya hapo wengine saba wanamwomba vilevile. Nimewahesabu.

Saa kumi hadi saa kumi na mbili. Kadi, chenji, "choo kiko wapi?", kadi.

Saa moja na nusu usiku. Tunafunika meza. Kichwani imeganda sentensi ya Montalbano, inspekta wa Camilleri, akipokea simu: *Montalbano sono*, jina mbele, "ni mimi" nyuma. Quadruppani aliipindua hivyohivyo, *Montalbano je suis*, na Mfaransa anashtuka kidogo. Najaribu kwa Kiswahili na sioni cha kupindua. Simu inatetema mfukoni, namba ya Burundi.

"Nani huyo?" Mama, kama kawaida, amempigia mtu asiyemjua.

"Mwanao mimi, mama. Ndiyo tunafunga."