Emden Iliyofika Mbeya Imepinda

Julai 2015 ilitimia miaka 100 tangu manowari ya Kijerumani Königsberg izamishwe katika delta ya Rufiji. Mwalimu wa historia wa sekondari moja ya hapa Mbeya alitaka wanafunzi wake waione meli ile ikiwa na umbo, wazunguke meza na kuitazama pande zote. Akaja karakana mwezi wa Mei na ombi moja: modeli ya plastiki ya Königsberg, iwe tayari kwa maonyesho ya shule.

Nikamwambia haitapatikana. Sababu yake humkwamisha karibu kila anayeanza kazi hii ya kuunga modeli, kwa hiyo naieleza. Vipande vya modeli ya plastiki humiminwa ndani ya kalibu la chuma. Kuchonga kalibu hilo ni gharama kubwa mno, na kiwanda huirudisha fedha yake kwa kuuza maboksi mengi sana. Ndiyo maana madukani huko nje utakuta meli mashuhuri kama Bismarck, Titanic, Yamato na Hood kwa kila kipimo. Meli ndogo iliyofia kwenye mikoko ya Rufiji haina wanunuzi wa kutosha, hivyo huachiwa viwanda vidogo vinavyomimina rezini, yaani utomvu wa viwandani unaoganda ukawa mgumu, kwenye kalibu la mpira. Rezini ni ghali, huvunjika kwa urahisi, haishikwi na gundi ya kuyeyusha plastiki, na vumbi lake halifai kuvutwa kifuani. Sikuona sababu ya kuwapa watoto wa kidato cha pili kazi hiyo.

Halafu kuna makalibu yaliyolala. Kiwanda hakimimini kila modeli kila mwaka. Hutoa fungu, likiisha jina hutoka kwenye orodha, na meli hiyohiyo huja kurudi baada ya miaka ndani ya boksi lenye picha mpya. Mwenye mali akianguka, usingizi huwa mrefu zaidi. Mwaka 2006 Airfix, kampuni ya modeli ya Uingereza, ilikwama pale kampuni mama yake, Humbrol, ilipofilisika, huku makalibu yenyewe yakiwa Ufaransa kwenye kiwanda cha Heller, mpaka Hornby ilipoinunua mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo modeli iliyokosekana leo usiikatie tamaa. Isubiri, au tafuta boksi la zamani. Plastiki haiozi. Kinachozeeka ni karatasi ya bendera na maandishi ya kubandika kwa maji, ambayo hugeuka njano na kupasuka ikilowekwa, basi muulize muuzaji hali ya karatasi hiyo kabla hujalipa.

"Mwalimu, Königsberg yenyewe hatutaipata," nilimwambia, "lakini ndugu yake wa karibu yupo."

Ndugu huyo ni Emden, manowari nyingine ya Kijerumani, katika modeli ya kampuni ya Revell, kipimo cha 1/350, yaani meli halisi imepunguzwa mara 350. Meli halisi ilikuwa na urefu wa mita 118, Königsberg mita 115. Zote mbili zilikuwa na madohani matatu na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Kwa 1/350 Emden hutoka sentimita 34, inayoonekana vizuri hata na aliyesimama nyuma ya wenzake. Kwa 1/700 ingekuwa sentimita 17, na mtutu wa mzinga ungekuwa mwembamba kiasi cha kukatika ukiutoa tu kwenye fremu, ule mti wa plastiki unaoshika vipande. Ukiwa na wanaojifunza, chukua kipimo kikubwa.

Jamaa wa mwalimu aliyekuwa akirudi kutoka Ujerumani ndiye aliyelileta boksi. Gundi na rangi za mafuta hakubeba, kwa kuwa zinashika moto na ndege hazizikubali. Hili watu husahau: boksi linasafiri, vinavyolikamilisha vinabaki. Kutoka Dar es Salaam likapanda basi, zaidi ya kilomita 800, likiwa chini ya mizigo ya watu.

Kazi ya kwanza ukifungua boksi ni kuhesabu. Kila fremu ina herufi, na kitabu cha maelekezo kina mchoro wa fremu zote. Linganisha moja moja kabla ya kukata chochote, maana kipande kikishaachana na fremu hutajua tena kama kilikosekana kiwandani au kilianguka chini ya meza. Zetu zilikuwa kamili. Ila ubavu wa kulia ulikuwa umepinda: tulipoulaza juu ya kioo cha dirisha, katikati uligusa, omo (mbele ya meli) na tezi (nyuma yake) zikaelea milimita 5 juu.

Wanafunzi walitaka kuubonyeza kwa nguvu kwenye ubavu wa pili na kuugandisha hivyo. Ungeshika kwa muda, kisha maungio yangefunguka siku ya joto, kwa sababu plastiki iliyolazimishwa haiachi kuvuta. Dawa ni maji ya moto. Polistirini huanza kulegea inapokaribia nyuzijoto 100. Mbeya iko juu kama mita 1,700, na maji ya hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo hata yakichemka hayayeyushi ubavu wa meli. Hata hivyo kingo nyembamba huweza kujikunja, nasi tukayaepua pale viputo vidogo vilipoanza kung'ang'ania chini ya sufuria. Tukatumbukiza ubavu kwa dakika moja, tukaufunga kwenye mbao iliyonyooshwa kwa randa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, katikati tukiwa tumeupandisha kidogo kupita mstari ulionyooka, kisha mbao na ubavu vikaingia maji baridi. Mpira ni bora kuliko kamba, maana kamba huacha alama kwenye plastiki laini. Kosa linalovunja modeli nyingi ni kutaka inyooke kwa mara moja. Ukiona mstari mweupe unajitokeza, plastiki iko karibu kupasuka. Iache, rudi kwenye maji ya moto. Ubavu ulinyooka mpaka ikabaki nafasi ya kupitisha karatasi tu, na hiyo tuliiachia sitaha ikamilishe.

Sitaha ndiyo uti wa mgongo wa modeli ya meli. Ipange kavu kwanza, bila gundi. Kisha anza kugandisha katikati, urefu wa sentimita 5 hivi, subiri ishike, ndipo uelekee omo, mwisho tezi. Ukianzia omo, kila kosa dogo linasukumwa nyuma na kujumlishwa tezini.

Gundi tuliipata kwenye duka la rangi za magari pale SIDO Mwanjelwa: thina ya NC, ile ya kuchanganyia rangi ya kupulizia. Inayeyusha polistirini, hivyo vipande viwili vinakuwa kimoja. Shika maungio yakiwa makavu na yamebana, gusa mshono kwa ncha ya brashi namba 0 iliyolowa kidogo, na thina itajivuta yenyewe ndani. Usipake kwanza ndipo ubane. Uso utayeyuka na alama ya dole gumba itabaki humo milele. Thina hazifanani, nyingine huuma polepole, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye fremu. Fungua madirisha, na moto usiwe karibu.

Mianya huzibwa kwa plastiki ileile. Osha chupa ya kioo ya rangi ya kucha pamoja na brashi yake, katia humo vipande vya fremu hadi nusu, jaza thina, funga, acha usiku mzima. Kesho yake utapata ute mzito unaopakika kwa brashi ya chupa. Hunywea unapokauka, basi paka mara mbili, na msasa usiguse kabla ya siku kuisha. Tulianza na msasa namba 400, tukamalizia na 800 uliolowekwa maji. Kukatia vipande kwenye fremu tulitumia kikata kucha, tukiacha milimita 1 ya ziada na kuimaliza kwa wembe. Ukikata sambamba na kipande, kikata kucha kinang'oa nyama ya kipande chenyewe.

Rangi ndiyo iliyotusumbua zaidi, kwa sababu ya Juni ya Mbeya. Tulitumia rangi ya mafuta ya dukani, nyeupe na nyeusi kidogo, tukapata kijivu cha vita. Rangi hiyo ina kasoro mbili kwa modeli: ni nzito na inang'aa, na meli ndogo inayong'aa haionekani kuwa ya chuma. Usitikise kopo. Liache litulie, mwaga mafuta yaliyoelea juu, chukua rangi iliyotuama chini, ilainishe kwa tapentaini. Mng'ao unapungua sana. Thina ya NC isikaribie hapa, italamba plastiki chini ya rangi. Kabla ya yote meli iogeshwe kwa maji vuguvugu na sabuni, kwani mafuta ya kalibuni na ya vidole huifanya rangi ijikusanye madoa madoa. Kwa baridi ile koti la kwanza la rangi lililala usiku na bado likanata. Jiko la mkaa lingeongeza vumbi na joto lisilopimika. Tukaigeuzia meli katoni kubwa, ndani tukaning'iniza balbu ya wati 40, umbali wa sentimita 40, na tundu juu la kutolea hewa. Makoti mawili mepesi yakakauka sawasawa.

Kulikuwa na mjadala kuhusu rangi nyeupe, kwa kuwa picha za Emden za kabla ya vita, ilipokuwa Tsingtao nchini China, zinaionyesha nyeupe yenye madohani ya manjano. Binti mmoja alikuwa amesoma kwamba ilipovamia bandari ya Penang, Oktoba 1914, ilikuwa imewekewa dohani la nne la bandia ili ifanane na meli ya Kiingereza. Alikuwa sahihi, na angependa tulitengeneze. Lakini meli yetu ilikuwa imekuja kuisimulia Rufiji, ikabaki na kijivu na madohani matatu.

Kamba za milingoti zilitoka kwenye fremu. Shika kipande cha sentimita 10 juu ya mshumaa, sentimita 3 kutoka kwenye ncha ya moto, ukikizungusha. Kikianza kulegea katikati kitoe motoni, hesabu moja, vuta. Ukivuta upesi unapata uzi mwembamba, ukivuta taratibu unapata mnene. Ukivuta kikiwa bado juu ya moto kinakatika. Thina ilikuwa imefungwa na kutolewa chumbani kabla mshumaa haujawashwa.

Kwenye kibao cha jina mwalimu alisita. "Fundi, tuandike Königsberg tu. Nani atajua?"

"Atakayehesabu madirisha atajua, Mwalimu. Na watoto wameijenga Emden."

Tukaandika Emden, na chini yake wanafunzi wakaeleza kwa maneno yao yaliyomkuta ndugu yake: jinsi alivyoizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, akajificha Rufiji, akamalizwa na manowari za Kiingereza Severn na Mersey tarehe 11 Julai 1915, na jinsi mizinga yake yote kumi ilivyotolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo.

Mzinga mwingine ulipelekwa Kigoma ukafungwa kwenye Götzen, meli ya Ziwa Tanganyika ambayo sasa ni Liemba. Mzee mmoja aliyekuja kutazama, ambaye aliwahi kuipanda kwenda Mpulungu, alisoma hapo akauliza kwa nini Liemba haipo mezani. Seti yake hatukuipata popote. Ila meli hiyo ina urefu wa mita 71 na upana wa mita 10 kasoro kidogo, yaani sentimita 20 kwa karibu 3 katika 1/350, na wanafunzi walikwisha kupiga hesabu hiyo kabla mzee hajaondoka. Plastiki ilipatikana kwenye makasha ya CD, ambayo ni polistirini: tafuta namba 6 ndani ya pembetatu, au weka tone la thina uone kama linanata. Lenye namba 5 liache, thina haitalishika. Kasha la CD huvunjika hovyo likikatwa kwa mkasi. Chora mstari kwa kisu na rula ya chuma, rudia mpaka ufikie nusu ya unene, kisha livunje juu ya ukingo wa meza. Kasha moja halifikii sentimita 20, kwa hiyo mkuku, yaani uti wa chini wa meli, unaungwa kwa vipande viwili, na kiraka cha sentimita 3 kwa ndani.