Mkono umeacha kutetemeka

Nimelala saa tisa usiku na wala sijutii, yaani hadi muda huu naandika vidole bado vinanuka solda. Ule mkono wa roboti niliouanza mwezi uliopita, ule wa servo nne (vimota vinavyogeuka na kusimama pale unapoviambia), jana umenyanyua kizibo cha chupa ukakiweka kwenye kopo bila kukiangusha, mi nikabaki kimya nauangalia tu, nikaurudishia kizibo ukarudia, nikaurudishia tena.

Wiki nzima umenitesa huu. Servo moja ikienda peke yake safi kabisa, ila zikianza mbili kwa pamoja mkono unatetemeka kama una homa, halafu Arduino, ile bodi ndogo inayoziongoza, inajizima na kuwaka upya. Kwanza nikadhani gia zinakwama, nikafungua, ziko sawa. Nikahamia kwenye programu, nikaandika upya, nikachomeka muda wa kusubiri hapa na pale, siku tatu zimeishia humo. Kumbe programu haina kosa! Nimekuja kuweka mita kwenye pini ya volti 5 ndo naona namba inashuka kila mota zikibeba mzigo. Hizi servo zangu, aina ya SG90, ni ndogo kwa macho ila ukiizuia moja isigeuke inaweza kuvuta miliampea 600 hata zaidi, sasa piga mara nne, na zote nilikuwa nimezilisha kupitia hiyo bodi ya Arduino, aina ya Uno, inayokula umeme wa USB, ambayo fyuzi yake ni ya miliampea 500 tu.

Nikazipa servo betri yao na kapasita ya mikrofaradi 1000 pembeni ya kuhifadhi umeme kidogo, bado zikawa zinacheza ovyo, aisee hapo nilitaka kulala. Ndo nikakumbuka graundi, yaani upande wa hasi ambao volti zote zinapimwa kuanzia hapo. Servo inasubiri pigo la umeme la kama milisekunde 1 mpaka 2, kila baada ya milisekunde 20, na urefu wa hilo pigo ndo unaiambia isimame wapi, sasa kama bodi na betri hazijashikana kwenye graundi, pigo italipima kuanzia wapi? Waya mmoja mweusi, urefu wa kidole. Nimeuchomeka, mkono ukatulia tuli.

Neno mekatroniki alilibuni Tetsuro Mori wa kampuni ya Yaskawa ya Japani mwaka 1969, kaunganisha mekanika na elektroniki, na wiki hii ndo limeniingia vizuri, maana ugonjwa nimeuona kwenye mota, nikautafuta kwenye programu, nikaukuta kwenye waya. Hicho ndo kinanifanya nisichoke na hivi vitu. Kosa huku unalisikia kwa masikio, mota inalia, unaligusa linachoma, na ukilipata kitu ulichokuwa unakiwaza kichwani kinanyanyuka mezani mbele yako.

Kiwiko bado kina mchezo kidogo kwenye skrubu ya chini, kikishuka kinapitiliza. Jioni nakifungua.